Siku ya Nane ya Bi Traki

Sheria ni hii, na wala si ngumu. Ndani ya nchi takatifu Pasaka yetu Wayahudi ni siku saba. Nje yake ni siku nane. Wazee wetu waliotawanyika mbali hawakuwa na hakika mwezi umeandama lini, basi wakaongeza siku moja ya tahadhari. Leo kalenda zinauzwa mpaka kwa muuza sigara, lakini siku ya tahadhari ipo palepale. Kwetu kitu kikishaongezwa hakiondoki. Mgeni aliyekuja matembezi hufuata ya kwao, na aliyehamia hufuata ya wenyeji. Kwa hiyo ukitaka kujua mtu kaja kutembea au kaja kukaa, usimsumbue kwa maswali. Mwangalie Pasaka.

Bi Traki alifika Netivot, mji wetu huku Israeli, mwisho wa baridi, kutoka kisiwa cha Djerba, Tunisia, kwa kupitia Paris, amevaa koti zito aliloazimwa na mkwewe wa huko. Alikuja kumwona kitukuu. Mwanawe Bogid, ambaye huku anajiita Gidi, alimpokea kwa maua na kumchukulia tiketi ya kurudi ili isipotee. Nami ni wa huko huko kisiwani, naishi ghorofa moja juu yao, na nilisikia siku hiyohiyo jinsi Gidi alivyolitamka neno "isipotee". Nikajua imekwisha kupotea.

Maisha ya mama huyu hayakuwa na mambo makubwa. Alizaliwa Hara Kubwa, mtaa wa Wayahudi kisiwani, akaolewa Hara Kubwa na sonara Khlafo, akamzalia watoto wanne. Wawili waliondoka wakubwa, mmoja akaja huku na mwingine, Shalom, akaenda Paris. Wawili hawakuondoka kabisa. Wako makaburini kando ya baba yao. Kila mwisho wa mwezi Bi Traki alikwenda na ndoo kuyapaka chokaa makaburi matatu. Ukimwuliza kwa nini hajafuata wanawe waliohama, alikuwa akijibu kwamba hata waliobaki ni wanawe.

Usiku wa kwanza wa Pasaka ulipita vizuri, sote mezani, Gidi akisoma habari za kutoka Misri kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano. Usiku wa pili, ambao kwa wenyeji ni usiku wa kawaida tu na kwa watu wa ng'ambo ni kuurudia ule wa kwanza, Bi Traki alitandika kimeza chake kwenye ujia wa nyumba, kwa sababu sebuleni kulikuwa na televisheni na kwenye televisheni kulikuwa na mpira. Akaweka mkate usiochachwa, mboga chungu na divai. Maswali manne ya usiku huo huulizwa na mtoto mdogo kuliko wote nyumbani. Yeye alijiuliza mwenyewe, kwa Kiarabu cha kwetu, kisha akajijibu.

Mjukuu wake Sigalit akaingia na sare za jeshi, bunduki begani.

"Bibi, tulishatoka Misri jana."

"Nyinyi mmetoka. Mimi ndio kwanza nafungasha."

"Ukirudi kule watakuua siku moja, bibi."

"Kule silali chumba kimoja na bunduki."

"Ndiyo maana sisi tunazo," alisema Sigalit, akambusu kichwani, akaenda kuuliza matokeo ya mpira.

Gidi alicheka usiku ule. Kicheko kilimwishia siku ya tatu, mkewe Zohara alipokumbusha kuhusu Mimuna. Zohara ni Mmoroko, na kwa Wamoroko jioni Pasaka inapokwisha milango yote hufunguliwa, unga uliokatazwa siku zote za Pasaka ukakandwa, chapati za siagi na asali zikapikwa, na mtaa mzima ukaingia kula.

"Mama mkwe, nakuheshimu," alisema Zohara, "lakini mimi siwezi kupika Mimuna kwenye nyumba ambayo nusu yake bado ni Pasaka. Wageni niwaambie nini? Kwamba ujiani ni ng'ambo?"

"Ntakaa chumbani, binti yangu. Mlango nitaufunga."

"Mama," alisema Gidi, "miaka elfu mbili mnaomba kurudi nchi hii. Umerudi. Sasa unadai tiketi?"

"Niliomba, mwanangu. Sikusema nahamia."

Kesho yake nikawapeleka kwa Rabi Makhluf, maana gari la Gidi lilikuwa kwa fundi. Rabi ni mtu wetu pia, alisoma chuo kimoja na marehemu Khlafo, na mpaka leo huvaa ile kofia nyekundu ya kwetu, jambo linalowafanya vijana wa hapa wamwombe kupiga naye picha. Alitukaribisha kahawa na kumsikiliza Gidi mpaka mwisho, muda ambao si mfupi. Kisha akamgeukia mama.

"Bi Traki, hili halitegemei mwanao wala mkweo. Linategemea nia. Una nia ya kurudi?"

"Ninayo."

"Basi siku nane. Tumemaliza."

Nikanyanyuka. Gidi hakunyanyuka.

"Nyumba ya baba imeuzwa, mama," alisema. Alisema akiangalia kikombe. "Mimi na Shalom tulitia saini kabla hujaja. Kainunua mtoto wa Haji Mansur. Tungekwambia baada ya sikukuu, tusikuharibie sikukuu."

Binadamu ana huruma za ajabu.

Nilitazamia kilio, na nadhani Gidi alikitazamia pia, maana alikuwa tayari na leso.

"Na birika?" aliuliza Bi Traki. "Nimeliacha limejaa. Mvua yote ya mwaka huu imo mle."

"Limekwenda na nyumba, mama."

"Waambie wasichote kwa ndoo ya chokaa."

Rabi Makhluf alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mtu mwema yule. Alikuwa anatafuta mlango wa nyuma.

"Sikiliza, dada yangu. Mimi sikuuliza habari za nyumba. Watu hupanga, watu hulala kwa jamaa. Niliuliza nia, na nia haiuzwi. Nakuuliza tena, nawe jibu polepole. Nia ya kurudi unayo?"

Neno moja tu lilitakiwa. Hata mimi nililisema moyoni kwa niaba yake. Lakini Bi Traki alilelewa kwamba mbele ya rabi, katika suala la sheria, mtu hasemi anachotamani bali kilichopo. Akafikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayepapasa mfukoni kitu anachojua alikuwa nacho.

"Sina," alisema.

Rabi akainamisha kichwa. "Basi siku saba," alisema, kwa sauti ndogo sana.

Jioni ya Mimuna nyumba ilijaa mpaka kwenye ngazi. Zohara alivaa kaftani ya dhahabu, unga umemfika viwikoni. Bi Traki alitoka chumbani bila kuitwa, akakaa mezani na kupewa chapati. Akauliza nani aliyemwaga asali nyingi namna ile. Kisha akala, akaimaliza, akapewa nyingine, akaimaliza nayo. Wanawake walipiga vigelegele. Gidi alinivuta pembeni, macho yamemlowa.

"Umeona? Nilikwambia. Wazee ni suala la muda tu."

Nikamwambia nimeona.

Asubuhi yake, ambayo Djerba ilikuwa siku ya nane, na huko mwanamke hashiki hata kitambaa chenye maji, nilimkuta uani akianika nguo. Alikuwa amefua vyote alivyokuja navyo, mpaka lile koti zito la watu, likichuruzika kwenye kamba kama mtu aliyeopolewa.

"Bi Traki," nilisema, "leo kwetu…"

"Leo Jumanne," alisema, bila kugeuka. "Nipe vibanio."