Sikio la Baba Kaze

Mume wangu Rwema ni fundi cherehani hapa Batsinda, na ana ualbino. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaani ndilo wanaloanza nalo, kisha wengi wao wanaishia hapo hapo. Mimi nimeishi naye miaka kumi na mmoja na nina mengine ya kusema. Anaimba besi kwaya ya kanisani, vibaya kuliko anavyodhani. Suruali akishakushonea hutairudisha. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo huinamia kitambaa mpaka pua inakaribia kuchomwa, na sindano zake za mkono namtungia uzi mimi, tano au sita kila asubuhi kabla sijaenda kazini kiwandani Masoro.

Siku ukoo wake ulipokuja kutoa mahari walileta na jembe, kama ilivyo desturi yetu Wanyarwanda. Baba yangu mdogo Mugenzi, ambaye ulimi wake hauna breki, aliliinua mbele ya wageni wote.

"Hii jembe ni ya nani?" akauliza. "Huyu bwana harusi, jua ikitoka si atakimbia ndani?"

Watu walicheka, na Rwema akacheka nao. Lakini tangu mwezi uliofuata hakukosa umuganda hata mara moja. Kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi, mtaa mzima unapotoka kufyeka na kuzibua mitaro, yeye alikuwa wa kwanza barabarani. Mkuu wa mtaa alimwambia akae kivulini aandike majina, akakataa. Alibeba jembe, na kofia akaiacha nyumbani, kwani kofia pana, alisema, ni ya kuombea huruma. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisimama na wanawake wenzangu nikimtazama anavyochimba kichwa wazi, nikitamani baba mdogo apite amwone. Ningeweza kumvalisha ile kofia kwa nguvu. Miaka kumi na mmoja, sikufanya hivyo.

Kidonda kilianza mwaka jana, juu ya sikio la kushoto, pale miwani inapokalia. Tukailaumu miwani. Tukanunua nyingine, kidonda kikakauka, kikafumuka tena. Mwezi wa saba mwaka huu nilipoona damu kwenye foronya siku nne mfululizo, nilimshika mkono kama mtoto nikampeleka kituo cha afya. Huko tukapewa transferi, barua ya rufaa, ya hospitali ya wilaya, na daktari wa wilayani akakimulika kwa taa muda mrefu mno.

"Tusikipe jina bado," akasema. "Lakini randevu ya daktari wa ngozi, tafadhali, msiikose."

Randevu, yaani miadi, ilikuwa Jumanne, wiki tatu mbele. Wiki tatu si kitu ukiwa unasubiri kitambaa kutoka Kampala. Sisi zilitumaliza. Nilikuwa nimeshaliona lile jina, saratani, usoni mwa daktari, na nilijua watu wawili wenye ngozi kama ya mume wangu waliokufa nalo kabla ya kufika miaka arobaini. Rwema ana thelathini na minane.

Mimi nilisubiri kwa kugombana. Niligombana na msimamizi wangu, na muuza maziwa, na jirani yangu Careen ambaye, bila kujua kinachonisumbua, aliniambia, "Humura, tulia, Mama Kaze, Mungu yupo." Nilimjibu kwamba najua yupo, ninachouliza ni kama atakuwepo Jumanne. Halafu nikalia chooni kazini, bomba nikiwa nimelifungua ili wenzangu wasinisikie.

Rwema hakugombana na mtu. Alishona. Asubuhi aliniomba nimtungie uzi wa bluu, kesho yake bluu tena, na tena, nikadhani amepata oda ya shule fulani.

Umuganda ukatuangukia katikati ya hizo wiki tatu. Rwema akamwendea mkuu wa mtaa akamwambia kwamba leo atabaki ndani. Yule mzee alifurahi mpaka akampiga bega.

"Mwisho umetusikia, Rwema! Tulisema siku zote, hii jua haiko rafiki yako."

Majirani nao wakampongeza, na yeye akawashukuru mmoja mmoja. Nilitaka kuwapigia kelele wote, lakini yeye ndiye aliyeniomba tusimwambie mtu. Nikachukua jembe nikaenda kuchimba mahali pake.

Jumatatu, siku moja kabla ya randevu, nilirudi kutoka kazini jua bado lipo nikasikia Kaze akicheka chumbani. Kaze ni binti yetu, ana miaka sita, na Septemba hii anaanza darasa la kwanza. Kitandani palikuwa na sare mbili mpya za shule, bluu, moja ya kumtosha na nyingine kubwa kidogo. Ya tatu alikuwa ameivaa. Mikono ilimpita vidole na upindo ulifagia sakafu. Ilikuwa sare ya msichana wa miaka kumi na miwili.

"Papa, hii mbona iko kubwa hivi?"

"Ni ya darasa la sita."

"Lakini nikifika la sita si utanishonea ingine?"

Rwema alikuwa ameinamia kifungo, bandeji nyeupe sikioni. Hakuinua kichwa.

"Hii mama atakuwa amekutunzia," akasema.

Nilikuwa mlangoni, mkoba bado begani. Nilimwambia Kaze avue asije akaichafua. Nikaipokea ile sare, nikaikunja vizuri, nikamuuliza mume wangu niiweke wapi.