Kinyozi aliyejaza nyumba vepu zilizokufa

Saa mbili asubuhi kinyozi anafungua saluni yake ya mbao, anawasha redio kabla ya taa, kisha anavaa glovu nyeusi za kupakia rangi ndevu. Hana wa kumpaka rangi. Anainama chini ya kiti cha wateja, anapapasa, anaibuka na kitu cha plastiki cha pinki kinachonukia embe.

“Wamenifichia tena,” anasema. “Nimekataa kupokea, sasa wanaacha na kukimbia. Wenzangu wanaibiwa saluni. Mimi naongezewa.”

Kitu chenyewe ni vepu, sigara ya umeme, iliyokwisha kazi. Anaifunga selotepu mdomoni na pale pa kuchajia, anaizika kwenye kopo la rangi lililojaa mchanga mkavu, halafu analibeba kopo hadi nyuma ya saluni, kwenye sakafu ya saruji. Makopo mengine yako hapo, yameachanishwa chini ya bati, kama watu walionuniana.

Mtaani anaitwa Dokta Ndevu. Ana mke, watoto wawili na upara ambao wateja wake walishachoka kuutania, ila hawajaacha. Yeye mwenyewe havuti. Moshi aliouzoea ni wa jiko la mkewe, na siku hizi hata huo haupati, kwa sababu mke na watoto wamehamia kwa mama mkwe. Kilichowahamisha ni vepu.

Mambo yalianzia kwa mdogo wake, ambaye ni mpakia taka kwenye lori. Mwaka juzi lori lilishika moto likiwa barabarani. Ule mkono wa chuma unaoshindilia taka ulibana vepu iliyotupwa pamoja na uchafu wa nyumbani, betri ikapasuka, makaratasi yakadaka moto. Mpakia taka alikuwa amening’inia nyuma. Alipona, lakini ngozi ya mkono wake wa kulia imekunjamana hadi kwenye kiwiko, na vidole viwili havikunjiki tena.

“Jumapili iliyofuata alikuja nimnyoe,” anasimulia kinyozi. “Nilimnyoa kidogokidogo, anapumzika, naendelea. Wateja wamekaa pale kwenye benchi, wanavuta vitu hivyohivyo. Nikajiuliza, zikiisha zinakwenda wapi? Nikachungulia pipa langu la nywele. Zilikuwa mle.”

Fundi simu wa mlango wa pili ndiye aliyemfundisha. Vepu ikigoma kuvutika, betri yake bado ina nguvu ndani. Haibanwi, haitobolewi, haichomwi wala hailowekwi. Yale maji yanayobaki ndani ni sumu, hasa kwa mtoto. Haifai kuingia kwenye pipa la taka. Inawekwa mahali pakavu, mbali na kinachoshika moto, hadi ichukuliwe na wanaokusanya vifaa vya umeme vilivyoharibika.

Kinyozi akafanya kile ambacho kinyozi peke yake angekifikiria. Alibandika bango mlangoni: LETE VEPU ILIYOKUFA, UNYOLEWE NDEVU BURE.

“Walikuja mpaka wasio na ndevu,” anasema. “Kijana mmoja alikuwa na vinyweleo viwili kidevuni. Akaniambia, ‘Dokta, nichongee staili.’ Nikavichonga. Ningefanyaje?”

Mwanzoni mkusanyaji mmoja alikuwa akipita na pikapu yake na kuzichukua. Kisha akapita mara mojamoja. Kisha akasema ghala lake limejaa. Kisha simu yake ikawa haipatikani. Bango likabaki mlangoni, na ndevu za mtaa mzima zikazidi kung’aa.

“Hapo ndipo nilipokosea,” anasema, akipuliza nywele kwenye mashine yake. “Niliwaonyesha watu mlango wa kuingizia kabla sijajua wa kutolea uko wapi.”

Saluni ni ya mbao, naye aliogopa kuziweka humo. Alizihamishia nyumbani, kwenye stoo iliyopakana ukuta na chumba cha watoto. Makopo ya mchanga yalipojaa, akaanza kuzitia kwenye ndoo ya plastiki, bila mchanga, akijiambia mchanga ataleta kesho. Kesho hiyo haikufika. Mchana mmoja ndoo ilianza kutoa moshi. Mkewe na jirani waliifukia kwa udongo wa uani kabla moto haujapanda, lakini sare za shule zilizokuwa zimetundikwa karibu zilikuwa zimeshaungua.

Kwa mama mkwe, mkewe anazungumza huku akianua nguo.

“Mume wangu hana ubaya. Hilo ndilo linaloniumiza,” anasema. “Wenzangu wakiachana na waume zao, ni pombe au ni wanawake. Mimi nikisema ni vepu, na mwanaume mwenyewe havuti, wananitazama kama mimi ndiye niliyevuta.”

Anakunja shuka, analikunjua, analikunja upya.

“Shemeji alipoungua, nililia. Nilimlisha kwa mkono wangu. Lakini kile kilichomuunguza hakiwezi kulala ukuta mmoja na wanangu. Amezitoa ndani, sawa. Ziko nyuma ya saluni. Mvua ikianza zitakuwa wapi? Namjua, atazirudisha. Zikiondoka kabisa, nami narudi.”

Kinyozi alimwahidi hatapokea tena. Bango alilibandua mbele ya mama mkwe kama shahidi. Ila kuahidi ni jambo moja, na wateja ni jambo jingine.

Mchana anaingia mteja anayejulikana kama Profesa, ambaye chuo alikipita kwa nje tu. Anakaa, anafungwa kitambaa shingoni, anatoa vepu mfukoni.

“Dokta, hii imekata roho. Ndevu kama kawaida.”

“Ndevu utalipia. Na hiyo sipokei.”

“Bro, mimi ni mteja wako wa siku zote.”

“Nina mke wa siku zote pia, na hayupo nyumbani.”

Profesa anacheka, anakubali kulipia. Shavu moja likiwa limekwisha, anapigiwa simu, anatoka nje kuongea. Akirudi, mikono yake ni mitupu.

“Umeiweka wapi?” kinyozi anauliza.

“Si pale kwenye pipa. Lori si linakuja?”

Kinyozi anazima mashine. Anavaa glovu, anatoka, anachakura kwenye pipa la barabarani kati ya maganda na chupa, huku Profesa akiwa mlangoni, nusu mzee, nusu kijana, anaomba amaliziwe. Vepu inapatikana chini kabisa. Kopo lingine linafunguliwa.

“Nilimwahidi mama watoto kwamba sitapokea,” anasema akirudi. Anavua glovu taratibu. “Nikimweleza kwamba hii nimeokota, ataniona mjanja. Sijisikii mjanja hata kidogo.”

Jioni anapita mdogo wake akitoka kazini. Alirudi kwenye lori baada ya kupona, ingawa sasa hushika mifuko kwa mkono wa kushoto. Ana habari: kwenye yadi ya malori kuna chumba kitupu cha zege chenye mlango wa chuma, mbali na ofisi. Amemwomba msimamizi makopo yote yahamie huko, na vepu zinazookotwa mtaani ziwe zinapelekwa hapo mpaka apatikane mkusanyaji wa kuaminika.

“Amesemaje?” kinyozi anauliza.

“Amesema atafikiria. Kaka, acha kuniangalia hivyo. Sijakulaumu. Sijawahi.”

“Ningekuuliza tangu mwanzo pa kuziweka, tungekuwa wote nyumbani.”

Mdogo wake anakaa kwenye kiti na kuinamisha kichwa anyolewe.

Chumba hicho kikipatikana, kinyozi anasema atayasafirisha makopo mwenyewe, machache kwa kila safari, ndipo aende kwa mama mkwe. Mpango wake ni kumpeleka mkewe yadini kwanza, auone huo mlango wa chuma kwa macho yake, kabla hajamwomba arudi.

“Na asiporidhika, sitambishia,” anasema. “Nitamuuliza anataka niziweke wapi. Ndilo swali nililotakiwa kumuuliza kabla ya kubandika lile bango.”