Kibali cha Watu Wawili

Mwende Mutuku alikabidhiwa leseni yake ya bunduki katika kituo cha polisi cha Randburg, Afrika Kusini, tarehe 9 Machi 2021. Hadi Juni hii baba yake, aliyekuwa askari wa wanyamapori huko Tsavo kwa zaidi ya miaka thelathini, alikuwa hajui.

Mwende anafundisha takwimu chuo kikuu. Alianza kulenga shabaha kwa kuvutwa na mwenzake wa kazini, Jennifer. Akaendelea kwa sababu aligundua kwamba akishika bunduki kichwa chake hutulia. Kumwambia baba ndiko kulikomshinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Mzee Mutuku aliajiriwa miaka miwili baadaye. Katika kazi yake yote hakuwahi kukutana na mwindaji. Kila aliyemkuta porini na upinde au bunduki alikuwa jangili, na nyumbani kwao halikuwapo neno la katikati.

Hifadhi moja ya serikali, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Johannesburg, kila majira ya baridi huruhusu wawindaji wachache kuingia katika sehemu iliyofungwa kwa umma. Kazi yao ni kupunguza kulungu wenye madoadoa, walioletwa kutoka Ulaya zamani na sasa wanawamalizia swala malisho. Waombaji ni wengi, kwa hiyo hupigwa kura. Mwende alikuwa ameomba na kukosa kwa miaka mitatu. Mwaka huu alipata: Jumamosi moja, eneo moja, majike pekee, na hakuna kuingia peke yako. Asiyetokea siku yake hufungiwa kuomba kwa miaka mitano.

Mtu wa pili alikuwa Jennifer. Jumatatu ya wiki hiyo aliteleza kwenye ngazi za maktaba akavunjika kifundo cha mguu.

"Basi twende mimi na wewe," Mwende alimwambia mumewe, Kiprotich.

"Mimi? Baridi yote hiyo nikatambae kwenye nyasi? Nyama naijulia buchani."

Mzee Mutuku alikuwa amekuja kuwatembelea kwa wiki tatu. Baba na binti wakiwa wawili huongea Kikamba, lakini mkwe ni Mkalenjin, kwa hiyo mezani ni Kiswahili. Jumanne jioni Kiprotich, akidhani mkewe ameshasema, alianza utani.

"Mzee, hapa tumepata balaa. Binti yako ni jangili mwenye kibali, na hana wa kumsindikiza."

Mzee aliweka kijiko chini.

"Kibali cha nani?"

"Cha serikali, Baba," Mwende akasema.

"Serikali inatoa kibali cha kuua?"

"Cha kupunguza."

"Kupunguza." Mzee alilirudia neno polepole. "Wote niliowapeleka jela walikuwa wakipunguza, mama."

Mwende alipewa jina la nyanya yake, mama mzazi wa mzee, ndiyo maana humwita mama hata akiwa amekasirika. Mzee alikunywa maji, akaaga, akaenda kulala. Bakuli lake lilibaki nusu.

Asubuhi Mwende alimkuta langoni, kwenye kibanda cha Firmin, mlinzi kutoka Bukavu, Kongo, ambaye mzee alikuwa ameshazoeana naye. Alishusha kioo cha gari akisubiri lango lifunguliwe. Mzee alikuwa akieleza habari za kulungu, na hakugeuka.

"Sasa kosa lao ni gani?" Firmin aliuliza.

"Si wa hapa. Wanakula majani ya wenyeji."

"Eish, Papa! Na sie tulikuyaga tu, hatuko wa hapa. Muulize Mama kama permi ya kutupunguza sie haiyatoka."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Firmin alifungua lango huku akimpungia Mwende mkono, na Mwende akaenda kazini bila kuagwa na baba yake.

Jina la mtu wa pili lingeweza kubadilishwa hadi Alhamisi saa sita mchana. Jumatano jioni Mwende alitandaza ramani ya hifadhi mezani, si kwa matumaini makubwa. Kama angejitoa, alitaka kwanza ajue anaacha nini. Mzee alikuja akasimama nyuma yake, miwani mkononi.

"Maji yako wapi?"

"Hapa."

"Na upepo wa alfajiri?"

"Wa kusini, mara nyingi."

"Risasi ikimkosa mnyama inaishia wapi?"

"Kwenye kilima hiki. Upande huu mwingine kuna nyumba za watu wa shamba, kwa hiyo siulengi kabisa."

Mzee alivaa miwani. Alifuata mstari wa uzio kwa kidole, akarudi kwenye maji, akapanda nayo hadi kwenye korongo dogo lililo chini ya kilima. Hapo kidole kikatulia.

"Mimi ningekuwa kazini, ningekungojea hapa."

Alipoinua kidole, aliona alama ya penseli iliyokuwa chini yake. Mwende alikuwa ameiweka tangu Mei.

"Nani alikuonyesha?"

"Wewe. Yule mtu uliyemkamata korongoni kule Voi. Ulitusimulia kila Krismasi."

"Nilikuwa nawaeleza nilivyomkamata."

"Najua, Baba. Mimi nilikuwa nasikiliza alivyofika pale."

Mzee alivuta kiti, akakaa. Kiprotich alichungulia kutoka jikoni akarudi alikotoka.

"Mimi sibebi bunduki," mzee akasema hatimaye. "Wala nyama sibebi. Na ukipiga dume, mama, nitakushtaki mimi mwenyewe palepale langoni."

"Sawa, Baba."

"Usiniambie sawa. Jike la huyu mnyama unalitambuaje?"

Mwende alimweleza. Mzee alimrudisha nyuma mara mbili, akamtaka aeleze tena, na safari hii pasipo kutazama picha.

Alhamisi kabla ya saa sita jina la Mutuku mkubwa litaingia mahali pa jina la Jennifer. Jumamosi alfajiri wawili hao wataondoka Randburg, Mwende akiendesha, na hifadhi itakapofungua geti saa kumi na mbili wataingia kwa miguu.