Maharage ya Kunyimwa Maji

Wifi yangu, mke wa kaka, amesoma mpaka majirani wamechoka. "Anasoma nini siku hizi?" wananiuliza. Mimi nipo kwenye cherehani yangu barazani, pini mdomoni, nawajibu: "Anaanza." Basi wakambatiza Bibi Anaanza, na mwenyewe akiitwa hivyo anaitika, hana neno.

Alianza na panya, utafiti wa dawa ya ini. Panya wale akawapa majina, mmoja akamwita jina langu, eti ana mdomo. Siku ya kuwapasua ilipofika, alijifungia chooni hadi wenzake walipomaliza. Akahamia utafiti wa jamii, kuhoji wajane. Nilisikiliza alichorekodi: mjane anasema sentensi moja, halafu wanalia wote wawili mpaka betri inaisha. Jamani, huo ni utafiti au matanga?

Kaka hakumkemea hata siku moja. Mimi nilimkemea kwa niaba ya ukoo mzima. Wifi mwenyewe hucheka tu: "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wifi."

"Koleo ngapi sasa? Una duka la koleo wewe?"

Mara ya tatu chuo kilimwambia waziwazi: hii ndiyo ya mwisho, ukishindwa fungasha virago. Akapewa maharage. Profesa wake, mzee mkavu anayeongea kama analipia maneno, alimkabidhi mbegu mpya azipande kwenye makopo. Mstari mmoja unywe maji kila siku, wa pili unyimwe kabisa, waone utavumilia hadi lini. Nikasema Mungu mkubwa, maharage hayana majina wala hayalii, safari hii tumepona.

Mstari wa kunyimwa ulivumilia ajabu. Wiki zikapita, majani ya kijani, yamesimama wima. Profesa akacheka meno yote nje, akaalika wageni waje waone mbegu isiyojua kiu. Wifi akapangiwa siku ya kusimama mbele yao aeleze. Nikamshonea gauni.

Asubuhi ya siku hiyo nilimkuta jikoni, gauni mwilini, macho mekundu.

"Wifi, nilikuwa nayamwagilia."

"Nini?"

"Yalilegea. Sikuweza kuyaangalia. Wenzangu wakienda kula, nayapa kikombe. Kidogo tu."

Nilivuta kiti nikakaa. Nikamwambia: nyamaza. Nani atajua? Chukua shahada yako, na sisi tupumzike!

"Na mkulima atakayeuziwa mbegu hiyo?" akaniuliza. "Mvua ikigoma, watoto wake wale nini?"

Nikamnyoosha gauni mabegani kwa hasira, kama kosa ni la gauni.

Akaenda, akasema yote. Mimi nyumbani nilishona shati mikono nyuma mbele. Nilijua ndiyo basi tena. Aliporudi akanisimulia: Profesa aliaibika mbele ya wageni aliowaita mwenyewe, akainuka kutoka. Mlangoni akageuka.

"Mbegu zimebaki. Panda tena," akamwambia. "Na kikombe kiache kwako."

Akapanda. Siku mstari mkavu ulipoanza kulegea, alinipigia simu. "Wifi, yananiangalia."

"Usiguse! Kama huwezi, toka nje!"

"Sitoki. Nikitoka, nani atayaandika?"

Nikamsikia anavuta kamasi, kisha anaanza kuhesabu kwa sauti, kopo kwa kopo, majani yaliyokauka na yaliyobaki. Kuna makopo yalikuwa yamekufa kabisa, nayo akayahesabu, akaendelea. Na mengine, ya mbegu ileile, bila tone la maji, yalikuwa bado hai. Nilijivunia mpaka machozi yakanitoka, na mimi si mtu wa machozi. Mteja alikuwa amesimama mlangoni ananiita. Nikamwonyesha mkono asubiri, wifi yangu hajamaliza.