Visanduku Viwili Vilivyonuniana

Mdogo wangu, ambaye hospitali nzima humwita Mzee wa Waya, ana akili nyingi sana na mashine. Na binadamu, tumwachie Mungu. Yeye hutunza mtandao wa kompyuta hapa ninapokaa mapokezi. Mkewe, wifi yangu, yuko maabara, jengo la pili. Kazi moja, nyumba moja, na mimi katikati yao sina pa kukimbilia.

Wiki ile walikuwa wamenuniana. Wifi alisuka nywele zikasimama juu, mumewe akamtazama akauliza, "Hiyo inashika stesheni ngapi?" Basi! Mke anasubiri aombwe radhi, mume anasubiri asalimiwe kwanza. Tarishi nikawa mimi.

"Wifi, mwambie mdogo wako chai inapoa."

"Dada, mwambie wifi yako nimesikia."

Meza moja, jamani! Halafu Alhamisi wifi akanionyesha tiketi ya basi: Jumamosi anakwenda kwa mama yake, na kurudi hajui. Nampenda wifi yangu. Isitoshe, mdogo wangu bila yeye hata soksi zake hazioni, na mzigo huo ungeniangukia mimi.

Ijumaa kulikuwa na majaribio ya mtandao. Majengo yetu yameunganishwa kwa duara, ili waya ukikatika upande huu, habari zizungukie upande wa pili. Ila kila mwisho wa waya wa faiba kuna kisanduku kinachoupokea na kuuunganisha na swichi, mashine inayogawa habari, na visanduku hivyo vilikuwa na unafiki: faiba imekatika, chenyewe kinawasha taa ya kijani kana kwamba mambo ni shwari. Swichi nayo, maskini, inaendelea kutuma majibu ya wagonjwa kwenye waya uliokufa. Mdogo wangu akavipanga upya. Kisanduku kikiona upande mmoja umezima, kizime na upande wa pili, jirani ajue.

Akaja mapokezi kwangu, akachomoa faiba ya kwenda maabara. Taa zikazima huku na huko, majibu yakazunguka njia ya pili, hakuna aliyeona tofauti. Akatamba weee! Akairudisha faiba. Taa hazikuwaka.

Simu ikalia mezani kwangu. Wifi, kutoka maabara.

"Wifi, mwambie mdogo wako huku bado giza."

Nikamwambia.

"Dada, muulize kisanduku cha kwake kinasubiri nini."

Nikauliza. Jibu likaja, "Kinasubiri cha kwake kiwake kwanza."

"Na changu kinasubiri chake!" Akajipiga kofi la paji la uso. "Lo! Nimeviamuru vyote viwili. Kila kimoja hakiwashi mpaka mwenzake awashe. Tutakaa hapa mpaka kiama."

Hapo uvumilivu ukanishinda. "Sasa dawa yake nini, we fundi?"

"Kimoja kiwashe tu, bila kusubiri."

"Kipi?"

"Chochote. Changu."

"Ala! Kumbe unajua!" Nikamsukumia simu kifuani. "Haya, washa. Na kesho mwenzio anapanda basi, kama hukuambiwa."

Alikuwa hajaambiwa. Ni mimi niliyepaswa kumwambia, nikaogopa. Akabonyeza kompyuta yake kwa mkono mmoja, simu mkono wa pili.

"Mke wangu," akasema, "nilikosea. Zile nywele zinakupendeza. Usiende, tafadhali."

Taa ya kijani ikawaka mbele yetu, na hata hakuitazama. Sauti ya wifi niliisikia mpaka nilipokaa.

"Huku pia imewaka. Na zile nywele nilizifumua juzi."

Mdogo wangu akaitupa simu mezani. Halafu akaondoka mbio kuelekea maabara, zana zake zote kaziacha sakafuni kwangu, wagonjwa wanaziruka.

Jumamosi tiketi haikupotea. Niliitumia mimi, nikaenda kumsalimia mama yake wifi, nikalala siku nzima bila kuambiwa nimwambie mtu kitu.