Skana Iliyoninyima Ruhusa

Mwishoni mwa miaka ya tisini niliajiriwa na Mhindi mmoja mjini Kisii, kwenye duka la kupiga chapa na kutoa kopi. Alikuwa amenunua skana mpya ya USB, ya kuingiza picha kwenye kompyuta. Kompyuta yetu iliendeshwa na programu ya Linux kwa sababu ni ya bure, na tajiri wangu alipenda vya bure kuliko alivyompenda mke wake.

Asubuhi moja mama kutoka Magwagwa aliingia mbio, mdomo umepasuka, damu imemkaukia kidevuni. Mumewe alikuwa mochari. Shemeji yake alidai kwamba hakuolewa, aliokotwa tu, kwa hivyo aliache shamba. Mkononi mama alikuwa na picha moja ya harusi yao. Zile nyingine shemeji alishazichoma.

"Nitolee kopi haraka, dada. Ananifuata."

Nikailaza picha kwenye kioo, nikabonyeza. Kompyuta ikanijibu: huna ruhusa. Ala! Tajiri aliijaribu skana akiwa ameingia kama msimamizi mkuu, akanisahau mimi mtumiaji wa kawaida. Nilimtukana kimoyomoyo kwa Kigusii, maana matusi ya Kiswahili hayakunitosha. Nikaingia kwa nenosiri la mkuu, nikaandika amri ya chmod 666 na jina la faili ya skana, yaani kila mtu asome, kila mtu aandike. Nikabonyeza tena. Taa ikawaka, ikaanza kutambaa polepole.

Ndipo shemeji akaingia. Salamu hakutoa. Alimkamata yule mama nywele, akamgonga uso kwenye kaunta, nikasikia jino likivunjika. Wee! Mimi si mtu wa kutazama mwenzangu akiuawa. Nilimtandika kwa stepla ya chuma, damu ikamruka puani, naye akanirudishia ngumi iliyonibwaga sakafuni. Kisha akafunua skana, akanyakua picha, akaichana, akavitia vipande mdomoni na kuvitafuna huku anatutazama. Akatoka anacheka.

"Basi, nimekwisha," mama akasema.

Nikajikokota hadi kwenye skrini. Taa ilikuwa imeshapita nyuso zote mbili, shela, na tai ya marehemu. Chini yake vilionekana vidole vinene vikiivuta picha, na kidole gumba kisicho na kucha.

"Nikuondolee hivyo vidole, mama?"

Alitema damu kwenye leso.

"Viache. Wazee wa ukoo wanavijua."