Bwawa Lisilotaka Mtu

Fundi Bwawa, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita kwa kuwachimbia watu mabwawa, alikuwa na wimbo mmoja tu: "Bwawa langu halitaki pampu, halitaki chakula, halitaki mtu!" Akikunasa getini, huponyoki mpaka akuonyeshe lile la nyuma ya jiko lake: tope alilolibeba kwa ndoo kutoka bwawa kuukuu, magugu yanayosafisha maji, konokono wanaokula uchafu, na visamaki vinavyomaliza viluwiluwi vya mbu. Kwa miaka kumi na minane halikuongezwa kitu ila mvua.

Magoti yalipomshinda, binti yake akaja kumchukua aende kuishi kwake. Mzee aling'aka.

"Na bwawa nimwachie nani?"

"Baba, si halitaki mtu?"

Dada mkubwa wa fundi, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, alikuwa akifua. Alicheka mpaka akaangusha sabuni.

Mzee akanywea. Kuhama hakutaka katu. Akaomba mwezi mmoja, "wa kuliaga." Kuanzia siku ile bwawa likapata mtumishi. Asubuhi alimwaga makombo ya mkate, eti samaki wamekonda. Adhuhuri aling'oa magugu, eti yamezidi. Mawe aliyasugua kwa brashi mpaka yakang'aa kama meno ya bandia, na konokono akawahamishia kwenye ndoo, wapumzike. Wiki ya tatu maji yalikuwa kijani tupu, yananuka, na samaki wanahema juujuu.

Mwenyewe alifurahi kama aliyepandishwa cheo. Akapiga simu: "Linaumwa, mwanangu! Siwezi kuliacha katika hali hii."

Binti akaja, akakodoa macho. "Shangazi, limepatwa na nini?"

"Limepatwa na baba yako. Miaka yote hiyo halijaugua hata mafua. Kalihudumia wiki tatu, liko mahututi."

"Dada, wewe!"

"Nimesema uongo? Wateja wako uliwaambiaje? 'Toeni mikono yenu, litajiponya.' Haya, mdogo wangu, toa."

Fundi aliichukua ile ndoo. Alirudisha magugu, akawarudisha konokono mmoja mmoja, bila haraka hata kidogo, kisha akaenda kufunga sanduku.

Mwezi wa pili huko kwa binti, simu ililia.

"Maji meupe," dada akasema. "Naona mpaka chini."

Fundi aliikaza simu sikioni.

"Kwani nilisemaje?" akafoka. "Halitaki mtu! Na wewe usiliguse."